Maji ya kisima chako yametoka wapi? Namna ya kutumia isotopu Dar es Salaam

Gonga geti lolote Mbagala, Tandika, Mbezi Beach au Kigamboni, na si ajabu ukakuta kisima nyuma ya nyumba. Vingi vilichimbwa baada ya ukame wa 1997, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na kila mwenye uwezo akaita mashine ya kuchimbia uwani kwake. Maswali ya wenye visima hayajabadilika tangu hapo. Mbona maji yameanza kuwa ya chumvi? Choo cha jirani kinaingia humu? Tukiendelea kuvuta hivi, yatakwisha?

Isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito, husaidia kujibu maswali hayo, ila hazijibu peke yake. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa maji au jiolojia, fundi wa mamlaka, au kamati ya maji ya mtaa iliyopata fedha kidogo za utafiti. Mashine ya kuzipimia sitaifundisha, maana iko maabara na ina wenyewe. Nitakaa zaidi kwenye chupa na daftari, kwa sababu huko ndiko nilikoona kazi nyingi zikiharibika, ikiwemo yangu.

Kwanza, jambo lenyewe kwa ufupi

Molekuli za maji hazilingani uzito. Atomu nyingi za oksijeni zina nyutroni 8, lakini takriban 1 katika kila 500 ina nyutroni 10, nayo ndiyo oksijeni-18. Kwa haidrojeni, kama atomu 1 katika kila 6,400 ina nyutroni moja ya ziada. Hiyo huitwa deuteri. Molekuli nzito ni nzito kweli kwa tabia: juani huchelewa kupanda, na wingu likinyesha hutangulia kudondoka. Kwa hiyo maji yaliyokaa kwenye beseni uwani tangu asubuhi yana uzito tofauti na yale yaliyomiminwa humo alfajiri, hata kama macho na ulimi haviwezi kujua.

Maabara hulinganisha sampuli yako na maji sanifu ya bahari na kukupa tofauti kwa sehemu za elfu, kipimo kinachoitwa delta. Bahari iko karibu na 0. Mvua karibu yote huwa hasi.

Isotopu hizi mbili hazina mionzi. Liseme hilo mapema mtaani, tena kwa sauti, kwa sababu neno “isotopu” likitajwa mbele ya foleni ya madumu watu husikia “nyuklia”, na kesho yake hakuna atakayekufungulia geti.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Mtu akiniambia “nataka kupima isotopu za visima vya Temeke”, namrudisha akakae na kalamu. Isotopu zipi, na ili ujue nini?

Ukitaka kujua maji yalitoka mvua gani, au kama yalikaa juani kabla ya kuzama ardhini, pima oksijeni-18 na deuteri. Hizo ndizo rahisi, na kila kazi ianze nazo. Ukitaka kujua naitreti imetoka wapi, pima naitrojeni-15 pamoja na oksijeni-18 ya naitreti yenyewe. Ukitaka kujua kama maji yameingia ardhini miongo hii ya karibuni, pima tritiamu, haidrojeni yenye mionzi. Visima virefu vya upande wa Kimbiji na Mpera, vinavyoshuka mamia ya mita, vinahitaji kaboni-14, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 5,730.

Swali ambalo watu wengi hapa jijini hulisahau, nami nalipenda kuliko yote, ni hili: je, maji ya kisima ni mvua ya hapahapa, au ni maji ya bomba yaliyovuja? Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, na mvua ya mlimani huwa hasi zaidi kuliko mvua ya pwani. Maji hayo yakija Dar kwa bomba na kuvujia mchangani, yanaweza kuja na alama ya mlima.

Hatua ya 2: Kusanya vyanzo kabla ya visima

Huwezi kujua mtoto kafanana na nani kama hujawaona wazazi. Kabla ya kisima chochote, chukua sampuli za vyanzo: mvua, bomba, bahari, mto au bonde lililo karibu (Msimbazi, Kizinga, Mzinga), na majitaka kama swali lako ni choo. Za bomba zichukue mara kadhaa kwa mwaka, kwa kuwa Ruvu ya kiangazi si Ruvu ya masika. Za bahari chukua mbali na midomo ya mito.

Mvua ndiyo yenye kazi. Chukua dumu la lita 10, faneli ya kipenyo cha sentimita 15, na mpira mwembamba unaotoka kwenye faneli hadi chini kabisa ya dumu, ili ncha yake izame mara tu maji yanapoanza kuingia. Ziba mdomo wa dumu kuzunguka mpira huo, kisha pitisha kibomba kingine chembamba na kirefu cha kutolea hewa. Hivyo maji hayakutani na upepo ila kwa tundu dogo. Wengine humwaga mafuta ya parafini juu ya maji kuzuia uvukizi. Mimi nayakwepa, kwa sababu tone likiingia kwenye mashine ya leza utachukiwa na maabara nzima. Mwezi wenye mvua ya milimita 250, faneli hiyo itakupa kama lita 4.4, kwa hiyo dumu la lita 5 linabana mno. Pima ujazo kila mwisho wa mwezi, chukua chupa moja, mwaga yaliyobaki, kausha dumu, anza upya.

Milimita za kila mwezi ziandike bila kukosa. Mvua kubwa ya ukanda wetu huwa hasi zaidi kuliko manyunyu, na mwezi wa Aprili hauwezi kuhesabiwa sawa na mwezi wa Agosti. Wastani unaoulinganisha na kisima lazima upimwe kwa uzito wa mvua: zidisha delta ya kila mwezi kwa milimita zake, jumlisha, gawa kwa milimita zote. Na usijione wa kwanza kukinga mvua hapa. Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vya mtandao wa dunia wa isotopu za mvua ulioanzishwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Takwimu za mtandao huo hupatikana bila malipo kwa kujisajili.

Hatua ya 3: Chagua visima, omba ruhusa

Pitia kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, inayotoa vibali vya kutumia maji na yenye kumbukumbu za uchimbaji. Kisha nenda serikali ya mtaa na barua yako ya utambulisho.

Unachotafuta zaidi kwenye kumbukumbu ni kina cha kisima na mahali chujio (sehemu ya bomba inayoingiza maji) lilipowekwa. Chini ya sehemu kubwa ya jiji kuna tabaka la juu la mchanga lililo wazi kwa mvua na vyoo, halafu udongo wa mfinyanzi, halafu mchanga mwingine wenye maji chini yake. Kisima kinachonyonya matabaka yote mawili kitakupa mchanganyiko, na hutajua unasoma nini. Visima 12 ambavyo unajua vina kina gani ni bora kuliko 40 vya kubahatisha. Vipange kwenye mstari, kutoka ufukweni kwenda bara kuelekea vilima vya Pugu, badala ya kuvitawanya tu kwenye ramani.

Hatua ya 4: Kuchukua maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme uko Tandika, kwa mama anayeuza maji. Pampu inaunguruma, madumu yamepangwa hadi barabarani, na juu ya mnara wa matofali kuna tanki jeusi.

“Shikamoo mama. Naomba nichukue maji kabla hayajapanda kwenye tanki.”

“Marahaba mwanangu. Kwani ya kwenye tanki yana nini?”

Swali zuri. Tanki jeusi juani ni jiko. Maji yakilala humo siku mbili na mfuniko umepasuka, sehemu nyepesi hupungua, na utakachopima ni hali ya hewa ya ndani ya tanki. Tafuta koki iliyo karibu na mdomo wa kisima. Kama haipo, fungua maungio ya bomba linalopanda, fundi wa pampu akiwepo na mwenye kisima akikubali.

Kisima kilichokuwa kinavutwa tangu alfajiri hakihitaji kusafishwa sana. Kilicholala kinahitaji. Hesabu yake: kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya kipenyo cha milimita 150 yenye maji ya urefu wa mita 30 inabeba kama lita 530. Kanuni ya kawaida ni kutoa mara tatu ya ujazo huo, yaani karibu lita 1,600. Kwa pampu ya lita 1,500 kwa saa, ni saa moja na dakika chache. Usiyamwage mtaroni huku watu wanakutazama. Waambie mapema waje na ndoo, na utakuwa umejipatia marafiki.

Wakati maji yanatoka, pima joto, pH na upitishaji umeme (unaopanda chumvi ikiongezeka) kila dakika 5. Namba zikitulia mara tatu mfululizo, chukua sampuli. Zikiendelea kupanda, hasa upitishaji umeme karibu na bahari, usilazimishe: huenda pampu inavuta chumvi kutoka chini, na hiyo yenyewe ni taarifa. Andika mfululizo wote.

Kwa oksijeni-18 na deuteri, chupa ya mililita 50 ya plastiki ngumu yenye kizibo cha kubana inatosha. Isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Ijaze hadi ifurike, funga bila kuacha hewa, igeuze kichwa chini utazame kama kuna kiputo. Kikiwepo, fungua ujaze tena. Huna haja ya dawa wala barafu, mradi chupa imefungwa vizuri na imekaa kivulini.

Kwa naitreti, pitisha maji kwenye kichujio cha mikromita 0.45, kisha gandisha, kwa sababu bakteria waliomo chupani hawajui kwamba unasubiri maabara. Chupa hizi ziache na nafasi kidogo, maji yakiganda yasije yakapasua. Umeme ukikatika usiku, amka. Kwa tritiamu chukua lita 1, na vua saa yoyote ya kung'aa gizani, kwa kuwa baadhi hutumia tritiamu kwenye mishale.

Andika namba kwenye chupa ikiwa kavu, kabla hujaijaza. Nimewahi kusimama na chupa mbili, moja K1 na nyingine ambayo ilikuwa ama K1 ama K7, wino umefutwa na kiganja changu mwenyewe. Zote mbili zilimwagwa. Siku hizi naandika kwenye chupa, kwenye mfuniko, na kwenye utepe unaozunguka shingo.

Na sasa aibu yangu kubwa zaidi. Mwaka mmoja nilijaza chupa hadi robo tatu, “zisije zikapasuka”, nikaziacha wiki nzima kwenye buti la gari. Majibu yaliporudi, kisima baada ya kisima vilionyesha dalili za uvukizi. Nilikuwa nimeshaandika aya nzima kwamba mtaa ule unakunywa maji ya madimbwi. Kilichoniokoa ni chupa nne za akiba zilizojazwa hadi shingoni na kuhifadhiwa ndani ya nyumba. Zilipopimwa, hazikuwa na uvukizi wowote. Madimbwi yalikuwa kwenye buti. Tangu siku hiyo, kila kisima kina chupa mbili, na moja haitoki nyumbani.

Hatua ya 5: Peleka na kemia ya kawaida

Usipeleke isotopu peke yake. Kila kisima kipimwe pia kloraidi, bromaidi, naitreti, salfeti, sodiamu, kalisi na bikaboneti. Uliza maabara usahihi wao kabla ya kulipa: kwa mashine za leza, 0.1 kwa elfu kwa oksijeni-18 na 1 kwa elfu kwa deuteri inatosha kazi nyingi. Katika kila chupa 10, ficha moja iliyo nakala ya nyingine, kwa namba tofauti, bila kuwaambia. Majibu ya mapacha yasipofanana, una haki ya kuuliza.

Hatua ya 6: Soma majibu

Chora grafu, oksijeni-18 mlalo na deuteri wima. Weka kwanza mstari wa mvua wa dunia alioutoa Harmon Craig mwaka 1961: deuteri ni mara 8 ya oksijeni-18, jumlisha 10. Weka mvua yako ya Dar juu yake, kisha visima.

Visima vikilala kwenye mstari wa mvua wenyewe, maji yalizama upesi bila kupigwa jua. Vikiachana na mstari kwa upande wa kulia, chini yake, kwa mteremko wa kama 4 hadi 6, kuna uvukizi: bwawa, mto uliosimama, mashamba ya mchicha yanayomwagiliwa, au buti la gari. Njia ya mkato ni kuchukua deuteri na kutoa mara 8 ya oksijeni-18. Kwa namba za mfano tu, kisima chenye -2.9 na -13.4 kinatoa 9.8, mvua safi kabisa. Tanki la kisima hichohicho lenye -1.1 na -4.4 linatoa 4.4, nalo limeshapikwa.

Chumvi ndiyo inayowapotosha wengi. Watu hudhani bahari ikiingia kisimani, isotopu zitapiga kelele. Hebu tupige hesabu. Maji ya bahari yana kloraidi ya kama miligramu 19,000 kwa lita. Bahari ikiingia kwa asilimia 2 tu, kisima kinapata miligramu 380 za ziada, na ulimi unajua. Lakini kama maji baridi yalikuwa -3.0 na bahari 0, asilimia 2 inasogeza oksijeni-18 kwa 0.06, chini ya makosa ya mashine. Isotopu hazikuona kitu. Kazi yao hapa ni nyingine: kloraidi ikiwa imepanda na isotopu hazijasogea, unaweza kuondoa uvukizi kwenye orodha ya washukiwa. Baada ya hapo muulize bromaidi. Kwa uzito, kloraidi ya bahari ni karibu mara 290 ya bromaidi. Uwiano ukikaa hapo, bahari ni mshukiwa mkuu. Ukipanda juu sana, fikiria chumvi iliyoyeyuka au majitaka, maana chumvi ya jikoni huishia chooni.

Swali la bomba linajibiwa kwa uwiano. Tuseme mvua ya hapa ni -3.0, maji ya Ruvu uliyopima ni -4.0, na kisima ni -3.4. Tofauti ya kisima na mvua ni 0.4, tofauti ya vyanzo ni 1.0, basi asilimia 40 ni bomba. Usiandike 40. Mashine ina kosa la 0.1 na vyanzo vyenyewe vinayumba kwa msimu. Andika “kati ya robo na nusu”. Na kama mvua yako na Ruvu zimetofautiana kwa 0.3 tu, acha kabisa swali hilo, hutalipata kwa njia hii.

Naitreti: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Naitrojeni-15 kuanzia takriban +8 hadi +20 inaelekea kwenye vyoo au samadi. Karibu na 0, kwenye mbolea ya chumvichumvi. Tatizo letu ni kwamba choo na zizi hufanana. Mabondeni kwenye bustani za mboga zinazowekwa samadi, namba hiyo haiwezi kukuambia ni ng'ombe au ni mpangaji. Hapo ongeza kipimo cha bakteria wa kinyesi, tazama kloraidi, pima umbali wa karo, na uulize kwa upole nani hutapisha choo mvua ikinyesha. Naitreti ikiwa ndogo huku naitrojeni-15 na oksijeni-18 zote zimepanda pamoja, bakteria wameila njiani. Usiseme kisima ni salama kwa hilo tu.

Tritiamu ina nusu-uhai wa miaka 12.3. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza angani, kilele kikawa 1963, na huku kwetu ilifika kidogo kuliko kaskazini ya dunia. Mvua ya sasa inayo chache sana, kwa hiyo tafuta maabara inayoweza kuikusanya kwanza kwa umeme ndipo ihesabu. Ikionekana, kuna maji mapya ndani. Isipoonekana kabisa, maji karibu yote yaliingia kabla ya miaka ya 1950, na pampu yako inachota akiba. Usitoe umri kamili kwa sampuli moja. Kisima kinachochanganya matabaka kitakupa wastani wa babu na mjukuu.

Hatua ya 7: Rudi kwa wenye visima

Nenda na karatasi moja kwa kila kisima: upitishaji umeme, naitreti, na sentensi mbili. Yule mama wa Tandika hakutaka kusikia habari za delta. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akauliza, “Kwa hiyo choo ni cha nani?” Nikamwambia isotopu hazitaji jina, ila naitreti yake imezidi kikomo, na kuichemsha hakuiondoi, hivyo asimpe mtoto mchanga. Akaikunja, akaiweka kwenye kibeti cha chenji.

Tukakubaliana nirudi mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, na tena mwezi Mei masika yakiisha. Koki ni ileile iliyo kabla ya tanki. Ameifunga kitambaa chekundu ili kijana wake asinioneshe nyingine.